Tunajuaje? Shajara ya Safari ya Historia kutoka Mikindani hadi Nandete

Kabla ya kuondoka

Wanafunzi wa kidato cha pili ninaowafundisha Historia hapa Mtwara wanaishi katikati ya mambo wanayoyasoma vitabuni. Hupita Mikindani kila wanapokwenda Lindi, wengine wana ndugu Kilwa, na wapo ambao mababu zao walivuka mto Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji. Hata hivyo, wakiulizwa katika mtihani waeleze habari za miji ya pwani, huandika aya walizokariri, ambazo angeweza kuziandika hata mtoto asiyewahi kuiona bahari. Safari hii, iliyofanyika katika likizo ya Juni, ilikusudiwa kuwapa kazi ya kutafuta historia wao wenyewe.

Ziara nyingi za shule zina sura moja. Wanafunzi huandamana nyuma ya mwongozaji, husikiliza, hupiga picha ya pamoja, hula na kurudi. Matembezi ya namna hiyo yana furaha yake, lakini mtoto hapewi kazi yoyote zaidi ya kuyasikia tena yale aliyokwisha kuyasikia darasani. Kwa hiyo muhula mzima kabla ya safari tuliutumia kutengeneza maswali. Kundi la majengo lilichukua swali la iwapo mji wa Kilwa ulikuwa wa mawe au wa miti katika karne ya 14. Kundi la sarafu lilitaka kujua jinsi kipande cha shaba kisicho na tarehe kinavyoweza kutueleza zama zake. Kundi la wasafiri lilichagua kuwatafuta watu waliobeba mizigo ya wengine, na kundi la masimulizi likachukua swali la kwa nini Wamatumbi, watu wa milima ya Matumbi huko Kilwa, waling'oa pamba mwaka 1905.

Kanuni ya daftari la safari ilikuwa moja, na niliisimamia kwa ukali. Kila sentensi inayoandikwa lazima iwekewe pembeni herufi inayoonyesha ilikotoka: O kwa jambo mwanafunzi aliloliona kwa macho yake, S kwa alilolisoma, M kwa alilosimuliwa, na K kwa analolikisia. Sentensi isiyo na herufi haikuhesabiwa kuwa kazi.

Mambo ya ruhusa na fedha nitayataja kwa ufupi tu, kwa kuwa kila mwalimu anayajua. Barua zilikwenda kwa wazazi, kibali kikaombwa kwa mkuu wa shule na katika ofisi ya elimu, na michango ilianza kukusanywa kidogo kidogo tangu msimu wa korosho, wakati ambapo wazazi wengi wanakuwa na fedha mkononi.

Jumatatu: Mikindani

Tuliondoka alfajiri kwa Kosta ya kukodi, na kituo chetu cha kwanza kilikuwa karibu kiasi kwamba baadhi ya wanafunzi walishangaa gari liliposimama. Mikindani ni mahali wanapopaona kila mara kupitia dirisha la basi, na ndiyo sababu niliona tuanzie hapo. Tulitembea kwa miguu kati ya nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, tukapanda hadi Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, ambalo siku hizi ni hoteli, kisha tukashuka tena kuelekea ghubani.

Kundi la wasafiri lilikuwa na kazi kubwa asubuhi hiyo. Vitabu vyote vya shule vinasema kwamba David Livingstone alipita Mikindani mwaka 1866, mwezi Machi, akielekea Ruvuma katika safari yake ya mwisho. Niliwapa muhtasari wa yale aliyoyaandika Livingstone mwenyewe kuhusu msafara huo, nikawataka waorodheshe watu wote waliotajwa. Orodha yao ilijaa ukurasa: askari wa Kihindi, watu wa Nzwani huko Komoro, vijana waliokuwa wamesomeshwa Nasik huko India baada ya kukombolewa utumwani, na wale wawili ambao majina yao yamebaki, yaani Abdullah Susi na James Chuma. Susi na Chuma ndio walioongoza wenzao kuubeba mwili wa Livingstone kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, alikofariki mwaka 1873, hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874.

Msichana mmoja wa kundi hilo aliuliza swali lililotufuata wiki nzima. "Mwalimu, Chuma alikuwa Myao. Mbona kwenye kitabu chetu yumo Livingstone tu?" Nilimwambia aliandike swali hilo katika ukurasa wa mwisho wa daftari lake na asilifute mpaka turudi, kwani niliona kwamba jibu langu lingemnyima nafasi ya kulitafuta jibu lake.

Baada ya chakula tulishika barabara ya Lindi, tukapita Mnazi Mmoja na Mchinga, kisha Kiranjeranje na Nangurukuru. Tulifika Kilwa Masoko jua likiwa limekaribia kuzama, tukapokewa katika shule iliyokubali kutulaza madarasani.

Jumanne: Kilwa Kisiwani

Juni ni majira ya kusi, na bahari huanza kuchafuka kadiri mchana unavyoendelea, kwa hiyo nahodha alitutaka tuwe gatini mapema. Kila mtoto alivaa jaketi la kujiokolea kabla ya kukanyaga boti, na tukavuka mkondo kwa makundi.

Mkondo huo wenyewe ulikuwa sehemu ya somo. Historia ya kale ya Kilwa, ambayo imetufikia kwa nakala ya Kiarabu na kwa maandishi ya Mreno João de Barros yaliyochapishwa mwaka 1552, inasimulia kuhusu waanzilishi waliotoka Shirazi. Nakala ya Kiarabu inaongeza kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka, na kwamba wakati huo mtu aliweza kuvuka kwa miguu maji yakipwa, hadi mwenye kisiwa mpya alipouchimba mkondo. Wanafunzi walikuwa wamelisoma simulizi hilo darasani na kulikubali lote. Sasa, wakiwa majini, walitazama upana wa mkondo na rangi ya maji, wakaanza kuhojiana wao kwa wao kama binadamu wanaweza kuuchimba kwa majembe. Nahodha alipoulizwa kuhusu kina chake alitoa maelezo marefu yaliyoandikwa na kila mmoja, na kwa mara ya kwanza niliona herufi O, S na M zikipangwa katika ukurasa mmoja kuhusu jambo moja, zikipingana.

Jengo la kwanza kuonekana mtu anapokaribia kisiwa ni ngome iitwayo Gereza. Wareno walioongozwa na Francisco de Almeida waliiteka Kilwa mwaka 1505 wakajenga ngome, na wakaondoka mwaka 1512. Ngome inayosimama leo ni ya zama za Waarabu wa Omani, iliyojengwa juu ya mabaki ya ile ya Wareno. Kundi la majengo lilitafuta mahali ambapo ujenzi unabadilika, likapima unene wa kuta kwa tepu na kuchora. Sikuwaharakisha. Mtoto anayeuchora ukuta hulazimika kuutazama kila jiwe, na ndipo anapoyaona mambo ambayo macho ya haraka huyaruka.

Tuliishia katika Msikiti Mkuu, ambao ulijengwa katika karne ya 11 na kupanuliwa sana baadaye. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi na ni ndogo. Ile ya kusini ina nguzo nyingi, matao na kuba. Bila kuwaambia lolote niliwapa kazi ya kutafuta mpaka kati ya sehemu hizo mbili. Waliupata baada ya kuzunguka kwa muda, na hoja zao zilikuwa za kujitegemea: mmoja aliona ukubwa wa nguzo unatofautiana, mwingine akaona jinsi ukuta mmoja ulivyoegemezwa kwenye mwingine, akasema kwamba ukuta unaoegemea hauwezi kuwa umetangulia. Hiyo ndiyo hoja ambayo mchimbuaji wa mambo ya kale huitumia, na kijana wa miaka 14 aliifikia kwa kutazama tu.

Mchana uliobaki ulikuwa wa kundi la sarafu. Nilikuwa nimebeba picha kubwa za sarafu za shaba za Kilwa. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili una maneno ya kumtukuza Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili huwa na vina vinavyooana kama mishororo ya shairi. Hazina tarehe. Mvulana ambaye darasani huwa mkimya sana, kwa sababu Historia tunaifundisha kwa Kiingereza na lugha hiyo bado inamsumbua, alichukua picha moja, akaigeuza, akaanza kuisoma kwa sauti kama alivyozoea kusoma Kurani chuoni. Wenzake walinyamaza. Alilitambua jina la al-Hasan bin Sulaiman kabla sijalitaja, na tangu saa hiyo kundi lilimkalisha katikati.

Swali lao halikuwa limejibiwa bado: pasipokuwa na tarehe, tunajuaje zama? Niliwapeleka pwani, mahali ambapo bahari imemega ukingo na kuacha tabaka za udongo wazi. Mmomonyoko wa aina hii ulichangia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, kuwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ambamo yaliondolewa mwaka 2014. Katika ukingo ule walihesabu tabaka, wakaona vipande vya vyungu vya udongo na kimoja cha kauri, wakaelewa kwamba sarafu inayokutwa katika tabaka moja na kauri ya China ambayo zama zake zinajulikana huazima umri wake kwa jirani yake. Hakuna aliyeokota kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivi, na nilikuwa nimewaeleza mapema kwamba kipande kikishatolewa mahali pake hakiwezi tena kutoa ushahidi wa tabaka lake, hata kikirudishwa kwa heshima.

Jioni nilipowaambia kwamba sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imewahi kupatikana Great Zimbabwe, kundi zima liliomba ramani. Walichora njia ya dhahabu kutoka bara hadi Sofala, katika pwani ya Msumbiji, kisha kaskazini hadi Kilwa, wakabishana kuhusu pepo za msimu hadi muda wa kulala.

Jumatano: Husuni Kubwa

Tulivuka tena. Husuni Kubwa iko mbali kidogo na magofu mengine, juu ya genge linaloikabili bahari, na njia ya kufika huko inapita kati ya nyumba na mashamba ya wakazi wa leo. Kasri hilo lilijengwa kati ya mwaka 1310 na 1333 hivi, zama za al-Hasan bin Sulaiman, na lina birika kubwa la pande nane ambalo watoto walilizunguka mara nyingi wakihesabu pembe kwa sauti.

Hapa ndipo kundi la majengo lilipokutana na tatizo lake. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati huohuo ambapo kasri hili lilikuwepo, na akaueleza kuwa mji mzuri uliojengwa vizuri. Lakini alisema kuwa ni mji wa miti, wenye mapaa ya matete. Niliwasomea maelezo hayo kwa Kiswahili tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha ukuta wa mawe, kisha nikawapa nafasi ya kujadiliana.

Mjadala ulichukua muda mrefu kuliko nilivyopanga na niliuacha uendelee. Wa kwanza walisema Ibn Battuta alidanganya. Wengine wakauliza angedanganya kwa faida gani, ilhali alimsifu sana sultani kwa ukarimu na uchamungu. Mmoja alikumbuka jambo tulilolisoma darasani, kwamba Ibn Battuta alimsimulia mwandishi habari za safari zake miaka mingi baadaye, alipokuwa amerudi kwao Morocco, kwa hiyo huenda kumbukumbu zilichanganyika. Hoja hiyo ilikubalika kwa muda, hadi msichana mmoja aliposimama na kuonyesha njia tuliyopita asubuhi. "Tumepita nyumba za miti na udongo, na tumekaa kwenye kasri la mawe. Mgeni akija leo Kisiwani akaandika kwamba watu wanakaa nyumba za miti, atakuwa amesema kweli. Akiandika kwamba kuna majengo makubwa ya mawe, atakuwa amesema kweli vilevile."

Kundi lilianza upya kuanzia hapo. Waliandika kwamba mawe hubaki na miti huoza, kwa hiyo magofu yanatuonyesha zaidi maisha ya wenye uwezo kuliko ya watu wengi. Kwamba huenda nyumba za mawe ziliongezeka baada ya ziara ya Ibn Battuta. Na kwamba ili kulijua hilo ni lazima kuchimba mahali palipokuwa na nyumba za miti na kutafuta alama za nguzo ardhini. Sentensi ya katikati waliiwekea K, kama kanuni ilivyotaka. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza hapa, kwa sababu mtihani wa taifa hauna swali linalompa mtoto alama kwa kukiri kwamba anakisia, na hata hivyo huo ndio uaminifu wa kwanza katika kazi ya historia.

Chakula cha mchana tulikula kwa kina mama wa kijijini waliotupikia wali wa nazi na samaki. Kundi la masimulizi lilitumia saa hiyo kufanya mazoezi ya kuhoji, wakimuuliza bibi mmoja kuhusu maisha ya kisiwani alipokuwa mtoto. Niliwasikiliza kwa mbali na kuwasahihisha baadaye: wasimkatize mzee, na wasiulize swali lenye jibu ndani yake.

Alhamisi: Nandete

Kutoka Nangurukuru tulielekea kaskazini hadi Njia Nne, kisha tukaiacha lami na kupanda milima ya Matumbi. Barabara ilikuwa kavu, gari lilikwenda polepole, na machungwa yaliuzwa pembezoni kwa mafungu. Siku hiyo ndiyo niliyoisubiri kuliko zote.

Nandete ndiko Vita vya Majimaji vilikoanzia, Julai 1905, pale Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela walipong'oa miche ya kwanza ya pamba katika shamba la serikali. Wanafunzi walikuwa wamejifunza mazingira yake: kodi ya nyumba ya rupia 3, mashamba ya pamba yaliyowekwa chini ya majumbe kwa amri ya Gavana von Götzen tangu mwaka 1902, malipo madogo mno, maakida na viboko. Walijua pia kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyeeneza habari za maji ya dawa yaliyoaminika kuwakinga wapiganaji na risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza.

Asubuhi, kabla ya kushuka garini, niliwaeleza jambo ambalo naamini kila mwanafunzi wa Tanzania anastahili kulijua. Mwaka 1968 wanafunzi wa Historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitawanyika katika maeneo yaliyopigana Majimaji, wakakaa na wazee waliokuwa hai wakati wa vita na kuandika masimulizi yao. Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua leo kutoka upande wa Waafrika ilihifadhiwa na vijana hao kwa daftari na kalamu, na wengi wa wazee wale wasingeweza kuulizwa miaka michache baadaye. Watoto walizitazama daftari zao kwa namna nyingine baada ya maneno hayo.

Wazee wawili, waliopangiwa kukutana nasi kupitia uongozi wa kijiji, walikuwa wameketi barazani. Msemaji wa kundi alisogea, akainama kidogo.

"Shikamooni babu."

"Marahaba wajukuu. Mmetoka Mtwara yote hiyo kuja kutuuliza sisi?"

"Ndiyo babu. Tunaomba mtusimulie mliyoyasikia kwa wazee wenu kuhusu pamba na vita. Tunaomba pia ruhusa ya kurekodi sauti."

Ruhusa ilitolewa, na masimulizi yakachukua sehemu kubwa ya asubuhi. Mzee wa kwanza hakuanza na maji wala na Wajerumani, bali na palizi. Alisema babu yake alikuwa akisimulia kwamba kazi ya pamba iliitwa wakati uleule ambao shamba la chakula lilihitaji jembe, na kwamba mtu alipokuwa kwenye pamba ya jumbe, nguruwe mwitu walikuwa kwenye mahindi yake. Alilirudia jambo hilo la nguruwe mara kadhaa. Mzee wa pili alizungumza zaidi kuhusu aibu: mwanamume kupigwa mbele ya mkewe na watoto wake, na kwamba hakuna kodi iliyoumiza kama hiyo.

Walitofautiana kuhusu maji yenyewe. Mmoja alisimulia kwamba watu waliyanywa, mwingine akasisitiza kwamba walinyunyiziwa mwilini. Mwanafunzi aliyekuwa akiandika alinitazama akitaka nimwambie lipi ni sahihi, nami nikamwonyesha kwa ishara aandike yote mawili. Maandishi ya zamani yanataja njia zote mbili, na dawa iliyopelekwa na wajumbe katika nchi kubwa kiasi hicho ingeweza kutumiwa kwa namna tofauti mahali tofauti.

Mchana, chini ya miti, niliwapa maelezo mawili mengine ya chanzo cha vita. La kwanza lilikuwa la taarifa za serikali ya Kijerumani, ambazo zilielekea kuwatwisha lawama waganga na imani za ushirikina. La pili lilikuwa la Mwalimu Nyerere, aliyeueleza Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kwamba watu walipigana kwa sababu hawakukubali kwamba mgeni ana haki ya kuwatawala. Walipaswa kuyaweka maelezo hayo pamoja na ya wazee wa asubuhi, na kwa kila moja waseme nani anazungumza, lini, mbele ya nani, na anahitaji nini kutoka kwa msikilizaji wake.

Kazi waliyoifanya saa hiyo ilikuwa nzito. Waliona kwamba taarifa ya kiserikali inayosema chanzo ni uganga inaiepusha serikali hiyohiyo na swali la pamba na viboko. Waliona kwamba Nyerere alikuwa akidai uhuru, kwa hiyo alichagua kuyatazama mapambano katika upana wa taifa zima. Waliona kwamba wazee wanasimulia waliyoyapokea kwa mababu, kutoka kijiji kimoja. Kisha mvulana mmoja akasema kitu ambacho nimekinakili kama kilivyo: "Huyu wa nguruwe hana cha kutafuta kwetu, lakini naye hakuwepo." Kundi lilibishana kuhusu kauli hiyo njia nzima ya kurudi Masoko.

Nisingependa mtu adhani kwamba watoto waligeuka wanazuoni katika siku moja. Wapo waliosinzia, na wapo waliotaka machungwa tu. Lakini vita hivyo, vilivyodumu hadi mwaka 1907, viliua watu wengi mno, na makadirio huanzia 75,000 hadi kufikia 300,000, wengi wao wakifa kwa njaa baada ya majeshi kuteketeza mashamba na akiba za chakula. Mtoto wa kusini anastahili kuufikia msiba huo kwa kusikiliza, kabla ya kuupokea kama kipengele cha kukariri.

Ijumaa: Kilwa Kivinje

Siku ilikuwa fupi kwa ajili ya swala ya Ijumaa, na sikutaka kuwachosha. Kivinje ilikuwa bandari kuu ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka upande wa Ziwa Nyasa katika karne ya 19. Kundi la wasafiri lilitembea katika mitaa yake likiwa na maelezo ya mkataba wa mwaka 1873, ambao kwa huo Sultan Barghash wa Zanzibar alipiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Walitakiwa kujiuliza biashara ilifanya nini baada ya hapo, na wakafuatilia katika ramani njia ya nchi kavu ya kwenda kaskazini ambayo misafara iliigeukia.

Tulisimama pia Mwembe Kinyonga, mahali panapokumbukwa kwa kunyongwa watu waliowapinga Wajerumani. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kivinje mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Majimaji. Mwanafunzi mmoja aliona kwamba kitabu kinaianza habari ya upinzani wa kusini mwaka 1905, akataka kujua nani aliamua ianzie hapo. Swali hilo lilikwenda kwenye ukurasa wa mwisho, pamoja na lile la Chuma.

Jumamosi: Lindi na kurudi

Tukiwa njiani kurudi tulisimama Lindi, ufukweni, kwa ajili ya kundi la wasafiri. Kilima cha Tendaguru kiko yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji huo. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa Kijerumani ulichimba huko mabaki ya dainosaria walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, na mifupa hiyo, yenye uzito wa zaidi ya tani 200, ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi hadi bandari ya Lindi, kisha ikasafirishwa kwa meli. Kiunzi kikubwa kilichosimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, chenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, kilitoka hapa.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 wanasayansi walimpa dainosaria mmoja jina la kumkumbuka, *Australodocus bohetii*. Watoto walilishangilia jina hilo. Halafu yule msichana wa Mikindani akauliza kuhusu wapagazi wengine, waliobeba mizigo hiyo katika nchi iliyokuwa imetoka kwenye njaa ya Majimaji miaka michache tu kabla. Alikuwa ameziunganisha Nandete na Tendaguru mwenyewe, jambo ambalo kitabu chake hakilifanyi, kwa kuwa mifupa ya kale huwekwa katika mlango mmoja na vita katika mwingine.

Majuma yaliyofuata

Shule ilipofunguliwa, kila kundi lilipewa sehemu ya ukuta katika bwalo na muda wa kuandaa maonyesho. Kundi la sarafu lilichonga sarafu kubwa za mbao na kuweka ramani ya njia ya dhahabu. Kundi la majengo lilijenga mfano wa mji wenye nyumba za mawe na za miti pamoja, na kubandika pembeni maelezo ya Ibn Battuta na hoja zao, kila moja na herufi yake. Kundi la masimulizi liliandika maneno ya wazee wa Nandete kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, na nakala moja ikapelekwa kijijini, kwani niliona ni haki masimulizi yarudi kwa wenyewe.

Wazazi walikuja Jumamosi. Baba mmoja alisimama kwa muda mrefu mbele ya maelezo ya nguruwe mwitu, kisha akamwambia mwanawe kwamba hata bibi yake, upande wa Newala, alikuwa na habari za namna hiyo kuhusu njaa. Mwanafunzi alichomoa kalamu palepale na kuuliza, "Baba, wewe ulisimuliwa na nani?"

Waalimu wenzangu wa shule jirani wameniuliza kama jambo hili linawezekana bila fedha za gari. Linawezekana. Mikindani ni safari ya daladala, kila kijiji kina wazee, na somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo mtaala mpya umeliweka kwa Kiswahili, linampa mwalimu nafasi ya kuyapokea masimulizi hayo katika lugha ambayo mtoto na mzee wote wanaimudu. Kwa sasa kundi la wasafiri linaandika barua ya kuomba kibali cha kwenda Tendaguru mwakani, na limekwisha kuanza kuuliza majumbani mwao ni familia zipi za Lindi zinazokumbuka kuwa na babu aliyebeba mifupa.